Saba Watukufu na Wanakijiji Wao: Steve McQueen, Mbio za Safari na Njia za Ukambani

Utangulizi

Wakati wa Pasaka ya mwaka 1963, wiki chache kabla ya Kenya kupata madaraka ya kujitawala, magari 84 yaliondoka kushindana katika mbio za Safari za Afrika Mashariki. Mvua za masika zilikuwa nzito mno mwaka huo, na yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Jina la kuwaita madereva wa magari hayo saba halikutafutwa mbali. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1960, Hollywood ilikuwa imetoa filamu ya The Magnificent Seven, na waliomaliza mbio zile wakaitwa kwa jina hilo hilo: Saba Watukufu. Mwaka 1968 hali ilijirudia. Magari zaidi ya 90 yalianza, yakamaliza saba, na safari hii wakaitwa Saba Wasiozama. Nick Nowicki na msomaji ramani wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404, ndio walioshinda mara zote mbili.

Kwa kawaida jina la aina hii huhesabiwa kuwa pambo la kurasa za michezo, likaachwa hapo. Makala haya yanalichukulia kwa uzito zaidi. Jina lililoazimwa kutoka katika kisa huja na kisa chake, na mhakiki ana haki ya kuuliza ni sehemu ipi ya kisa iliyofika na ni ipi iliyoachwa njiani. Dai la makala ni kwamba kisa cha watu saba, tangu kilipobuniwa, kilikuwa kisa cha wanakijiji wakulima. Kilipoingizwa katika mbio za Safari, mashujaa walibaki na wakulima wakafutwa, ilhali njia zilizopitiwa na magari hayo zilikata katikati ya mashamba ya wakulima halisi.

Ili kulithibitisha dai hilo, makala yanaweka bega kwa bega mambo mawili ambayo hayajazoea kukutana katika uhakiki wetu. La kwanza ni maisha ya Steve McQueen, mmoja wa waigizaji saba wa filamu ile, ambaye alikuwa pia dereva wa mbio za magari. La pili ni historia ya njia za Kitui na Makueni. Kwa kuwa mipaka ya utawala imebadilika, Makueni ikitengwa na Machakos mwaka 1992 na Kitui na Makueni zikawa kaunti mwaka 2013, jina la Ukambani litatumiwa hapa kila panapohusika eneo zima.

Mwigizaji Aliyetaka Kutenda

Steve McQueen alizaliwa tarehe 24 Machi 1930 huko Beech Grove, katika jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake aliiacha familia mapema, na sehemu kubwa ya utoto wake ilipita katika shamba la mjomba wa mama yake huko Slater, Missouri. Alipokuwa kijana alipelekwa katika shule ya kurekebisha tabia huko Chino, California, na kuanzia 1947 hadi 1950 akatumikia kikosi cha wanamaji cha Marekani. Baadaye alijifunza uigizaji mjini New York, na siku za mwisho wa juma alishindana kwa pikipiki ili ajipatie fedha za zawadi. Kwa hiyo, mashindano ya mwendo hayakuwa anasa aliyoipata baada ya kuwa tajiri. Yalianza pamoja na sanaa yake na kwa muda yalimsaidia kuishi.

Umaarufu wake ulitokana kwanza na mfululizo wa televisheni kati ya 1958 na 1961, kisha ukathibitishwa na nafasi ya Vin katika The Magnificent Seven. Kadiri jina lake lilivyokua ndivyo alivyozidi kuutafuta usukani. Mwaka 1962 alishiriki mbio za saa 12 za Sebring, Florida, akiwa katika timu ya kampuni ya Kiingereza ya BMC. Mwaka 1964 aliiwakilisha Marekani katika mashindano ya pikipiki ya siku sita yaliyofanyika Ujerumani Mashariki. Mwezi Machi 1970 alirudi Sebring akiwa na mguu uliovunjika na kufungwa plasta, akashirikiana na Peter Revson katika Porsche 908, na wakamaliza wa pili, sekunde zaidi kidogo ya 20 nyuma ya gari aliloendesha Mario Andretti.

Hata hivyo, maisha hayo yana mpasuko ambao mhakiki hawezi kuupuuza. Katika filamu ya The Great Escape ya mwaka 1963, tukio linalokumbukwa kuliko yote ni pale pikipiki inaporuka ua wa waya. Uso ni wa McQueen, lakini aliyeruka ni rafiki yake Bud Ekins. Mwaka 1970 alikusudia kuendesha Porsche 917 katika mbio za saa 24 za Le Mans akiwa pamoja na Jackie Stewart, huku filamu yake ikipigwa papo hapo. Wenye fedha na wenye bima walikataa. Gari la Porsche 908 lililotoka Sebring liliingia katika mbio likiwa limebeba kamera, likiendeshwa na madereva wengine. Mwongozaji wa kwanza wa filamu hiyo alikuwa John Sturges, yule yule aliyeiongoza The Magnificent Seven. Alijiondoa kabla ya kazi kwisha. Dereva David Piper alipata ajali wakati wa kupiga picha, akapoteza sehemu ya mguu wake. Filamu ya Le Mans ilitoka mwaka 1971. Inajulikana kwa ukweli wa picha zake za mbio na kwa uchache wa maneno ya wahusika wake.

McQueen alifariki tarehe 7 Novemba 1980 huko Ciudad Juárez, Meksiko, akiwa na umri wa miaka 50. Jina lake halimo katika orodha ya madereva wa Safari. Ukambani ulifikiwa na jina la filamu yake tu. Lakini maisha yake yanatupa istilahi tunazozihitaji. Yeye aliijua tofauti iliyopo baina ya kuigiza tendo na kutenda, na alihangaika maisha yake yote kuifuta. Aidha, maisha hayo yanaonyesha kwamba tendo moja la kishujaa mara nyingi hugawanywa: mmoja hutoa uso na mwingine hutoa mwili. Ugawaji huo ndio utakaofuatiliwa sasa, kwanza katika kisa chenyewe, kisha katika njia za Safari.

Kisa Kilivyosafiri

Kisa cha watu saba hakikuanza Hollywood. Kilitolewa Japani mwaka 1954 katika filamu ya Akira Kurosawa, Seven Samurai. Kijiji cha wakulima kinasumbuliwa na majambazi wanaongoja mazao yaive wayapore. Wanakijiji, wasio na cha kulipa ila chakula, wanaajiri mashujaa saba. Vita vinapiganwa mvuani na topeni. Wanne kati ya saba wanauawa. Mwishoni wakulima wanapanda mpunga huku wakiimba, na kiongozi wa mashujaa anakiri kwamba ushindi ni wa wakulima.

Hollywood ilikihamishia kisa hicho Meksiko. Panga zikageuka bunduki, na mpunga ukaacha nafasi kwa mashamba ya nchi kavu. Lakini mfumo wa kisa haukuguswa. Wanne kati ya saba wanakufa, na wanaosalia wanakiri yale yale kuhusu wakulima. Zaidi ya hayo, filamu ya 1960 ina mandhari ambayo watoto wa kijiji wanawadharau baba zao kuwa ni waoga, na mmoja wa mashujaa, aliyeigizwa na Charles Bronson, anawakemea. Anawafundisha kwamba kubeba mzigo wa familia na kulima ardhi isiyo na ahadi ni ushujaa mkubwa kuliko wa bunduki. Mhusika huyo hufa akiwalinda watoto hao. Si vigumu kuona kwamba dhamira ya kisa imewekwa hapo makusudi.

Jambo jingine la kimuundo linapaswa kutajwa. Katika matoleo yote mawili, mmoja wa saba ni mtoto wa wakulima. Katika toleo la Japani ni Kikuchiyo, aliyeigizwa na Toshiro Mifune, mwana wa mkulima anayejifanya shujaa wa nasaba, kisha anakufa shujaa kweli. Katika toleo la Hollywood ni Chico, aliyeigizwa na Horst Buchholz, ambaye mwishoni anaweka bunduki chini na kubaki kijijini, huku Chris na Vin, yaani Yul Brynner na McQueen, wakiondoka wawili tu. Mhusika huyu wa kati ndiye kiungo. Bila yeye, mashujaa ni wageni wapitao tu, na kijiji ni mandhari tu ya nyuma.

Kwa ufupi, basi, kisa hiki kina sehemu tatu zisizotenganishwa: mashujaa wachache, wakulima wengi, na mtu wa kati anayewaunganisha. Jina la Saba Watukufu lilipofika Safari lilibeba sehemu ya kwanza peke yake. Hesabu ya saba ililingana, tope lililingana, na hayo yakatosha.

Njia Kabla ya Magari

Neno lenyewe la mbio hizo ni la Kiswahili. Shindano la kwanza la mwaka 1953, lililofanywa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, liliitwa Safari. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na katika karne ya 19 lilimaanisha hasa msafara wa miguu wa wafanyabiashara na wapagazi. Kwa maana hiyo, Ukambani ulikuwa nchi ya safari kabla ya gari lolote. Wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani tangu mapema katika karne hiyo. Mmoja wa mashuhuri wao, Kivoi wa Kitui, ndiye aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf, na mwaka 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa katika nchi ya Kitui. Historia ya ugunduzi iliyoandikwa Ulaya ilimpa Krapf uso wa tendo hilo, ingawa njia, chakula na ulinzi vilikuwa vya Kivoi.

Reli ilifuata. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899. Masimulizi ya Wakamba yanasema kwamba nabii wa kike Syokimau alikuwa ameshaitabiri, akaiona kama nyoka mrefu aendaye kutoka maji hadi maji. Masimulizi hayo yana umuhimu wa pekee kwa mhakiki wa fasihi simulizi, kwa sababu yanaonyesha jamii inayoupokea mtambo mgeni kwa taswira zake yenyewe. Kinyume chake ni kituo cha Sultan Hamud, kilichopo Makueni, ambacho kilipewa jina la Sultani wa Unguja wa wakati huo. Kwa hiyo, tangu mwanzo palikuwa na namna mbili za kuzipa majina njia za Ukambani: jina linalotoka ndani, likiwa na tafsiri yake, na jina linalotoka nje, likiwa na mamlaka yake.

Isidhaniwe kwamba watu wa Ukambani walikuwa watazamaji tu wa misafara ya wengine. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kupunguza mifugo yao, maelfu yao walifunga safari hadi Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa kudai haki yao. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni, lakini serikali iliacha ulazima huo. Safari hiyo haikuwa na saa ya kupima mwendo wala kikombe cha ushindi. Hata hivyo, kwa vigezo vya kisa cha watu saba, yaani mavuno au mifugo iliyookolewa isichukuliwe, hiyo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kisa kuliko mbio zozote za magari.

Mvua Moja, Matarajio Mawili

Mbio za Safari zilipangwa kufanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka huangukia masika. Waandaaji walilitaka hilo, kwa kuwa mvua ndiyo iliyoyafanya mashindano yao kuwa magumu kuliko mengine ulimwenguni. Barabara ya Mombasa, inayokata Makueni kupitia Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, ilikuwa mshipa mkuu wa safari za kwenda na kutoka pwani. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mto Athi, njia za Kitui zilipita katika udongo mwekundu na mweusi, zikavuka mito ya msimu ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu na kwa usiku mmoja huweza kujaa. Njia ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui, iliyotiwa lami baadaye sana, ni mfano wa njia ambayo dereva hakuweza kuijua kwa kuiona jana. Katikati ya miaka ya 1970 mbio zilipoacha kuvuka mipaka na kubaki Kenya peke yake, njia za namna hii zikazidi kuwa na uzito.

Lakini masika ya Ukambani yana maana nyingine kwa mkulima. Katika sehemu kubwa ya Kitui na Makueni mvua zinazotegemewa zaidi ni za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Mvua za masika hubahatishwa. Mkulima hupanda mahindi, kunde, ndengu na mbaazi asijue kama atavuna. Kwa hiyo, mvua ile ile iliyokuwa adui wa dereva ndiyo iliyokuwa tumaini la mtu aliyesimama kando ya njia. Gari lilipokwama, shamba lilikuwa likinywa. Na mwaka ambao madereva waliusifu kwa njia kavu na mwendo wa kasi huenda ukawa mwaka wa njaa kwa wenyeji.

Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa zao majina, na majina hayo ni kalenda na fasihi kwa pamoja. Ile ya mwisho wa karne ya 19, iliyokwenda sambamba na ujenzi wa reli, iliitwa Ngomanisye, kwa maana ya iliyoenea kila mahali. Ya mwaka 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, ukame wa ndege, kwa sababu chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika fedha mkononi, kwani fedha zilikuwepo na chakula cha kununua hakikuwepo. Tazama namna jina la 1961 lilivyoundwa. Mtambo umetajwa, tena mtambo wa kisasa kuliko gari, lakini haukutajwa kwa ajili ya rubani wake. Umetajwa kwa sababu ya wale waliokuwa chini wakitazama juu. Miaka miwili tu baadaye, Pasaka ya 1963, mitambo mingine ilipita katika Afrika Mashariki ile ile, na jina lililobaki likawa la waliokuwa ndani yake.

Nadharia ya fasihi simulizi hutufundisha kwamba utendaji hukamilika pale fanani na hadhira wanapokutana. Mbio za Safari ziliugeuza uhusiano huo. Hadhira ya Ukambani ilingoja saa nyingi, pengine usiku kucha, na fanani akapita kwa sekunde chache, uso wake umefichwa na kofia ngumu, kioo na tope. Kilichobaki ni mlio, taa na vumbi. Muda mrefu wa tukio ulikuwa wa hadhira. Wao ndio waliolisimulia usiku kabla halijafika na siku nyingi baada ya kupita. Watoto waliliigiza kwa magari ya waya waliyoyaunda wenyewe.

Aidha, hadhira hiyo haikuwa ya kutazama tu. Gari lililozama topeni halikutoka kwa nguvu za injini peke yake. Lilisukumwa na mikono ya watu waliokuwa karibu, kwa malipo au kwa hisani, kisha likaondoka na kuwarushia tope. Njia nazo hazikufungwa: zilikuwa zile zile za kupeleka punda kisimani na watoto shuleni. Katika istilahi tulizozipata kwa McQueen, hapa pana uso na mwili wa tendo moja. Uso uliingia katika picha za mwisho wa mbio mjini. Mwili, kwa sehemu, ulibaki pale mtoni. Tofauti ni kwamba jina la Bud Ekins limehifadhiwa katika historia ya sinema, na mwili wa McQueen ulikuwa na thamani kiasi cha wenye bima kuukataza usiingie hatarini. Hakuna bima iliyoulizwa habari za wale waliosukuma.

Ni haki kuongeza kwamba si kila shujaa wa Safari alikuwa mgeni wa kupita. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kufariki London mwaka 2013, alikuwa fundi wa magari aliyeinuka kutoka gereji. Alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika, akashinda tena 1974 na 1976 katika Mitsubishi, na katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19. Watu walimpa lakabu ya Kiswahili, Simba wa Kenya. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Subaru. Madereva kama hawa ndio wanaokaribia nafasi ya yule mhusika wa kati, mtoto wa nyumbani aliyeingia katika safu ya mashujaa. Lakabu ya Joginder inadhihirisha kwamba hadhira ilipopata mtu wa kumwita wake, haikuhitaji kuazima jina kutoka Hollywood.

Kamera Yarudi Safarini

Mwaka 1969 kisa na mbio vilikutana tena, na safari hii sinema ndiyo iliyoifuata Safari. Mwongozaji wa Kijapani Koreyoshi Kurahara alitoa filamu inayojulikana nje ya Japani kwa jina la Safari 5000, iliyotokana na kumbukumbu za mmoja wa viongozi wa timu ya Nissan katika mbio hizo, na iliyopigwa kwa sehemu hapa Kenya. Dereva mkuu aliigizwa na Yujiro Ishihara, nyota mkubwa wa Japani wa wakati huo. Katika safu ya waigizaji alikuwemo pia Toshiro Mifune, yule yule aliyekuwa Kikuchiyo mwaka 1954. Mwaka uliofuata, 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari la Datsun, kana kwamba mbio zimeifuata filamu.

Mduara ulikamilika kwa namna ya ajabu. Kisa kilizaliwa Japani, kikaenda Hollywood, jina lake likatua Afrika Mashariki, kisha Japani ikaja kupiga picha mbio zilizokwisha kubeba jina hilo. Lakini katika mduara huo mtu mmoja alipotea. Mifune, ambaye katika kisa asilia alikuwa mtoto wa mkulima aliyewakumbusha mashujaa machungu ya kijiji, sasa aliigiza mmoja wa wakubwa wa kampuni ya magari. Nafasi ya mkulima haikuhamishiwa kwa Mwafrika yeyote. Mwafrika wa filamu za aina hii ni umati ulio kando ya njia, unapunga mikono, unaonekana na hausemi. Seven Samurai iliwapa wakulima neno la mwisho. Katika Safari 5000 wakulima wa njiani hawana neno.

Mtu anaweza kupinga kwamba filamu ya mbio haina wajibu wa kusimulia njaa na mavuno. Hoja hiyo ina ukweli wake. Hata Le Mans ya McQueen haisimulii wakulima wa Sarthe. Lakini Le Mans hupigwa katika njia iliyofungwa kwa ajili ya mbio, na tiketi hukatwa. Safari ilipita katika uhai wa watu, ikautumia kuwa ndio ugumu wake na uzuri wake, kisha ikajipa jina kutoka katika kisa kinachosema waziwazi kwamba uhai huo ndio wenye kushinda. Ukosoaji wa makala haya umejengwa juu ya kiapo cha jina lenyewe.

Hitimisho

Mbio za Safari ziliondolewa katika mashindano ya dunia baada ya 2002, zikarejea mwezi Juni 2021 na makao yake yakawa Naivasha, mbali na Kitui na Makueni. Njia nyingi za Ukambani zilizokuwa tope zimetiwa lami. Mashamba yaliyo kando yake bado yanangoja vuli na kubahatisha masika. Kwa maana ya kisa, basi, mambo yamekwenda kama yalivyotabiriwa na filamu zote mbili: wapiganaji wameondoka, wakulima wamebaki. Kilichokosekana ni yule mwenye kulitamka hilo kabla hajaondoka.

Kazi ya kulitamka imewaangukia wanafasihi, nayo haiwezi kusubiri. Ukambani si nchi isiyo na wakusanyaji. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha ngano za Wakamba mwaka 1966, na David Maillu, mzaliwa wa Kilungu huko Makueni, aliionyesha Kenya katika miaka ya 1970 kwamba maisha ya mtu wa kawaida yanaweza kuchapishwa na kusomwa na wengi. Lakini masimulizi ya Safari yaliyo kandokando ya njia za Kibwezi, Mutomo, Makindu na Kitui bado yanahesabiwa kuwa porojo za michezo. Waliokuwa vijana wa miaka 20 mwaka 1963 wamepita umri wa miaka 80. Wao wanajua ni mto gani uliozuia magari, nani aliyesukuma, alilipwa nini, na msimu ule walivuna au hawakuvuna. Wanajua pia waliwaitaje madereva wale kwa Kikamba kabla gazeti halijawaletea jina.

Maisha ya McQueen yanahifadhiwa katika filamu, picha na vitabu vingi, na kila mbio alizoshiriki zinajulikana kwa tarehe na kwa sekunde. Hilo ni jambo jema. Alikuwa mwigizaji aliyeona haya kuigiza tu, na jitihada yake ya kuunganisha uso na mwili wa tendo inastahili heshima. Kumbukumbu kama hiyo wanastahili pia wale waliokuwa mwili bila kuwa uso. Mkusanyaji atakayekwenda na daftari Kibwezi au Mutomo kabla ya masika machache kupita atakuta kisa cha watu saba kikisimuliwa na wanakijiji wenyewe, na huenda akakuta kwamba kwao hesabu haikuwahi kuwa saba.